Moshi wa Mama Paulina

Vijana wangu wa chumba cha kufulia cha loji, mmeniomba niwaachie maandishi kabla sijasahau. Wengine mnadai nimeshaanza kusahau, kwa sababu juzi nilipita getini nikamsalimia mlinzi mpya kwa jina la yule wa zamani. Huko si kusahau. Walinzi wote wanafanana wakiwa wamelala. Huu ni mwezi wa tatu tangu nistaafu nikae nyumbani hapa Karatu, na mke wangu amechoka kuniona nikikunja kila kitambaa kilichomo ndani ya nyumba. Ndiye aliyenipa daftari hili. Alisema, "Andika. Lakini kaandikie kule nje."

Mshahara sitautaja, maana nanyi mnaupokea na hakuna sababu ya kuwahuzunisha mara mbili. Vyeo navyo nitaviruka: nilipandishwa mara moja, kutoka dobi hadi dobi mkuu, na siku hiyo madobi tulikuwa wawili. Nitaandika kuhusu kazi yenyewe, na kuhusu kosa langu moja lililomkohoza mama wa watu kwa miaka miwili huku mimi nikimwombea kwa sauti nzuri.

Nilitoka Machame mwanzoni mwa miaka ya tisini, kabla lami haijafika huku. Kutoka Makuyuni nilipanda juu ya lori la saruji, na nilipofika kwenye loji nilikuwa mwekundu kuanzia nywele hadi soksi. Dobi wa pale alikuwa Mzee Boay, Mwiraqw mfupi mwenye nyusi moja. Ile ya pili aliipoteza kazini, maana alikuwa na desturi ya kupima joto la pasi kwa kuisogeza karibu na uso. Alinitazama, akanipa sabuni ya mche na kuniambia, "Anza na wewe mwenyewe. Ukitakata, tutaongea."

Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma ya jiko, kikipakana na rundo la kuni. Tulikuwa na boila ya kuni, mabeseni manne ya saruji, na pasi nne za mkaa zenye kile kijogoo cha chuma cha kufungia kifuniko. Umeme ulikuwepo, lakini ulitoka kwenye jenereta, na jenereta ilikuwa mali ya friji za nyama na bia. Boay alinifundisha kupepea mkaa bila kurusha majivu, kutia bluu kidogo tu ili shuka liwe jeupe lisigeuke samawati, na kunyoosha shati kwa kuanzia kola, kwa sababu mgeni akijitazama kwenye kioo huanza kwenye kola.

Siku hiyo hiyo ya kwanza niliunguza suruali ya mgeni. Ilikuwa ya kitambaa cha nailoni, na huko Machame suruali zetu zilikuwa na heshima, zilivumilia moto. Hii ilijikunja na kunata kwenye pasi. Nilijua kazi imekwisha, maana nilikuwa nimeacha mke na mtoto nikiwaahidi kwamba nimepata kazi. Boay alibandua ile suruali, akaitia kwenye boila, akaenda mwenyewe kumwambia mgeni kwamba nyani amepita na kuianua kwenye kamba. Mgeni alifurahi mno. Alipiga picha kamba, akapiga picha mti, akamwomba Boay asimame chini ya mti ule ampige picha na yeye. Hilo ndilo somo la kwanza nililolipata kazini: lawama ikikosa mwenyewe, wape wanyama, wao hawana chama cha wafanyakazi.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi, nitawapa moja. Mgeni mmoja alinunua lile vazi jekundu la Kimasai huko juu Nainokanoka, likiwa jipya kabisa, akalitumbukiza kwenye kikapu cha nguo chafu. Mimi nikalitia beseni moja na mashuka. Sote huku tunajua kwamba vazi lile hufuliwa peke yake mpaka rangi yake itulie. Mimi nililijua hilo kwa vazi lililo begani mwa Mmasai. Likiwa kwenye kikapu cha mzungu sikulitambua. Wageni wa nusu ya loji walilala kwenye mashuka ya waridi. Meneja wa wakati ule aliwaambia ni rangi maalumu ya machweo ya kreta, na wawili waliuliza wanaweza kuyanunua wapi.

Sasa niwaeleze sheria ya alfajiri, maana ndiyo chanzo cha kila kitu. Nyinyi mnaujua ukungu wa huku juu. Unashuka jioni unakaa mpaka saa nne asubuhi, wakati mwingine saa tano, kisha jua linachomoza kana kwamba limelazimishwa. Boay alisema shuka lazima lifuliwe gizani, ili jua linapotoka likute limeshakamuliwa na liko kwenye kamba. Tuliwasha boila saa kumi alfajiri, na saa kumi na mbili mashuka yote yalikuwa yananing'inia kwenye ukungu yakimsubiri Mungu. Boay alipostaafu na kurudi kwao Mbulu, aliniachia pasi zake na sheria hiyo. Pasi zililiwa na kutu. Sheria niliishika kuliko nilivyowahi kushika zile kumi.

Tena nilikuwa nimeipamba kwa dini. Nilijiona mtumishi wa sirini. Nani hapa duniani anauliza shuka lake limefuliwa na nani? Wageni waliandika kwenye kitabu cha maoni kuhusu mpishi, kuhusu dereva, kuhusu simba aliyewapita akiwa na haraka zake. Dobi hakutajwa hata mara moja. Wenzangu lingewauma. Mimi nilikwenda kanisani Jumapili, nikakaa benchi la nyuma karibu na mlango, nikasikia mchungaji akisema wema ufanywe kwa siri, na nikajipongeza kimoyomoyo. Nilimpenda sana Mungu, maana alikuwa wa pekee katika loji nzima asiyelalamikia foronya. Sikutambua kwamba mtu asiyeonekana akitenda mema, haonekani pia akifanya ujinga.

Lami ilipofika, wageni waliongezeka, na pamoja nao yakaja malengo. Mawakala wa ng'ambo walitaka loji zinazojali hali ya hewa, na makao makuu ya kampuni kule Arusha yakatangaza kwamba ndani ya miaka mitatu tutapunguza moshi kwa nusu. Tuliitwa kwenye semina. Mwezeshaji alichora dunia ina homa, imewekewa kipimajoto mdomoni. Mpishi aliuliza kama imeshapewa dawa ya malaria. Mwezeshaji akasema kila tawi la kampuni litachorewa mpaka wake, na moshi wa ndani ya mpaka ndio utakaohesabiwa. Ndipo Saning'o, mlinzi wetu aliyetoka Nainokanoka, akanyoosha fimbo badala ya mkono.

"Sisi ng'ombe wetu wakivuka mpaka wanakamatwa," alisema. "Huo moshi wenu ukivuka, nani anaukamata?"

Watu walicheka, mwezeshaji naye akacheka, chai ikaletwa. Swali halikujibiwa, na wala sikuliona kuwa ni swali.

Lengo la kwanza lilikuwa kadi za taulo. Mgeni akitundika taulo maana yake ataendelea kulitumia, akilitupa sakafuni lifuliwe. Kadi ziliandikwa kwa lugha nne, Kiswahili hakimo, kwa sababu ilidhaniwa anayepaswa kuelewa ni mgeni tu. Akina dada wa vyumbani waliyatoa mataulo yote, yaliyotundikwa na yaliyotupwa. Nilipomuuliza mmoja alinishangaa: "Mzee Elinami, mgeni nimpe taulo la jana? Mama yangu akisikia?" Ilibidi niwakumbushe kwamba wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe hatukuwa nalo, wampe taulo lake. Hapo walielewa, na lengo hilo likafikiwa kwa kasi iliyowashangaza wakubwa.

Lengo la pili lilikuwa boila. Fundi wetu wa umeme, kijana aitwaye Josefu, alifunga sola kubwa juu ya paa na matangi ya maji ya moto. Tatizo likajitokeza wiki ya kwanza. Maji yaliyopashwa mchana wageni waliyaoga jioni, na kidogo yaliyobaki niliyamaliza mimi saa kumi alfajiri. Wageni walipoamka waende kreta kutazama wanyama, wakakuta maji baridi. Mmoja alitoka koridoni amejifunga taulo akinitafuta kwa cheo, si kwa jina, maana jina hakuna aliyelijua.

Josefu alinifuata chumba cha kufulia. "Mzee, fua saa saba mchana. Wageni wote wako kreta na vyakula vyao kwenye maboksi, maji yanachemka yenyewe na hakuna anayeoga."

"Shuka la saa saba litakauka lini?" nikamuuliza. "Siku ya hukumu?"

"Litamalizikia kesho yake."

"Na mgeni atalalia nini leo, ahadi?"

"Tafuteni mashuka ya akiba."

Nikamwambia arudi kwenye nyaya zake. Kijana wa juzi, hajawahi kukamua hata leso, anakuja kunirekebishia sheria ya Mzee Boay! Meneja aliponiita, nilimwapia kwamba haiwezekani. Nilisema nimefanya kazi hii miaka kumi na mitatu, kufua mchana ni kuharibu nguo, na kama mimi ni mwongo basi Mungu ananiona. Meneja hakujua kufua chochote isipokuwa dhamiri, akaniamini. Akasema kama nguo haziwezi kufuliwa mchana, na alfajiri hakuna maji ya sola, na boila ya kuni inavunja lengo, basi nguo zitoke nje. Mimi nitabaki kupokea, kukagua na kunyoosha.

Ndivyo kazi ilivyokwenda kwa Mama Paulina. Alikuwa mjane wa Kiiraqw, Mlutheri mwenzangu, mwanajumuiya mwenzangu, na alikuwa na wanawake watano waliofua nguo za nyumba za wageni pale mjini. Alifurahi sana. Alinunua masufuria makubwa, akachimba meko sita nyuma ya nyumba yake, na gari la loji likaanza kumpelekea vifurushi kila jioni. Kwetu boila ilizimwa, ikapakwa rangi ya kijani na kupandwa maua ndani yake. Wakubwa walikuja kuipiga picha. Moshi wa loji ulishuka mpaka meneja akahisi ameuzima kwa mdomo wake mwenyewe.

Mara ya kwanza kufika kwa Paulina kukagua, nilikuta moshi umejaa uani hadi sikuona miguu yangu. Kuni zilikuwa mbichi, maana kavu hazipatikani kwa wingi ule. Nao walianza saa tisa, kabla ya alfajiri yetu, ili gari liyakute mashuka yamekauka na kukunjwa. Wanawake walifuta macho kwa khanga, wakacheka, wakasema ndiyo kazi. Paulina alikuwa akikohoa. Nilimwambia anywe maji ya tangawizi.

Baada ya masika mawili kikohozi kilikuwa kimemshika kifuani. Alikuwa mwimbaji wa sauti ya kwanza katika kwaya, akahamishiwa ya pili, kisha akaombwa akae tu na wenzake ajaze safu. Hospitali walimpima kifua kikuu, hakikuwepo. Daktari alimuuliza anapikia nini, akajibu gesi. Ilikuwa kweli, chai alipika kwa gesi.

Nami nikaanza kumwombea. Kila Alhamisi kwenye jumuiya, tukizunguka nyumba kwa nyumba, nilipewa ombi la wagonjwa. Niliomba kwa kirefu. Nilikiombea kifua chake, nikayaombea mapafu yake la kulia na la kushoto, nikamkemea adui. Adui nilikuwa namjua. Nilikuwa navaa soksi zake. Lakini nikishaanza kuomba sauti yangu ilinichukua, na watu waliitikia amina mpaka mabati yakatikisika.

Mwaka wa lengo ulipofika akaja mkaguzi, mama wa Kizungu mwenye kofia pana na daftari dogo. Alikagua taa, matangi na boila yenye maua. Kisha akakaa nami aulize kuhusu nguo. Siku tatu kabla ya hapo nilikuwa nimejadiliana na nafsi yangu, nikaamua kusema kweli hata kama itanigharimu kazi. Nilikuwa nimeshamwandaa mke wangu. Nilikuwa hata nimenyoa.

"Mama," nikamwambia, "moshi haukuisha. Tumeuhamisha."

"Mmeuhamishia wapi?"

"Karatu mjini. Mashuka yanachemshwa kwa kuni, nyumbani kwa mama mmoja. Anaumwa kifua."

Aliacha kuandika. Aliniuliza kama nyumba hiyo ni mali ya kampuni. Nikasema hapana. Akafungua ramani ya loji, akanionyesha mstari mwekundu uliozunguka uzio wetu. Akasema kwa upole, namna mtu anavyozungumza na mfiwa, kwamba amesikitika sana, lakini yeye anahesabu vilivyomo ndani ya mstari. Vya nje si sehemu ya lengo hili. Labda lengo lijalo. Kisha akanishukuru kwa uwazi wangu na kuuliza vyoo vya wafanyakazi viko wapi.

Nilibaki nimekaa. Nilikuwa nimejiandaa kuwa shahidi wa imani, na ushahidi wangu haukuhitajika. Isitoshe, nilikuwa nimesema "tumeuhamisha", kana kwamba mlima mzima ulikaa kikao. Jina la yule aliyekataa saa saba mchana sikulitaja.

Jumanne iliyofuata, saa saba kamili, wageni wakiwa kreta, nilikwenda peke yangu kwenye beseni nikafungua bomba la sola. Maji yaliniunguza mkono. Yalikuwa ya kunyonyolea kuku. Nilisimama nikiyatazama yakienda na maji machafu, nikahesabu mchana wote wa miaka miwili ambao maji kama hayo yalikaa juu ya paa yakisubiri watu waliokuwa wakitazama viboko. Nililia, vijana. Mzee mzima, mbele ya beseni.

Nilikwenda kwa Josefu nikamwambia alikuwa sahihi. Kijana yule ana malezi, hakucheka mpaka nilipotoka. Nilikwenda kwa meneja nikamwambia nilimdanganya. Sikujua kuwa nadanganya, lakini nilimwapia Mungu juu ya jambo nisilolijaribu hata siku moja. Alikuna kichwa, akauliza mashuka ya zamu ya pili yatatoka wapi. Hapo nikamkumbusha mashuka ya Mkubwa.

Nyinyi hamkuyakuta. Tangu nilipoanza kazi kulikuwa na kabati limefungwa kwa kufuli, lina mashuka mapya ya kutosha loji nzima, yakimsubiri Mkubwa mmoja wa serikali ambaye ilisemekana angekuja na msafara wake. Serikali zilibadilika, Mkubwa hakuja. Tulipofungua, panya walikuwa wamelala kwenye yale ya juu kwa raha ambayo msafara wenyewe usingeipata. Yaliyobaki yalitosha. Tangu siku hiyo mashuka yalikuwa na zamu mbili: haya kitandani, yale kwenye kamba. Gari la wafanyakazi likawa linawachukua Paulina na wenzake saa tano asubuhi, wanafua saa saba kwa maji ya jua, jioni wanarudi kwao. Meko sita ya nyuma ya nyumba yake yakaota majani.

Kampuni ilipata ngao. Ilitundikwa mapokezi, imeandikwa ubunifu wa kufua kwa nguvu ya jua. Meneja alitoa hotuba akamshukuru Mungu, akaishukuru kampuni, na kwa ukarimu akajishukuru kidogo na yeye. Keki ilikatwa. Mimi nilisimama nyuma na kisahani changu, na mtumishi wa sirini nilikuwa nimefura kama andazi. Nilitaka kutajwa! Kosa langu nililitaka sirini, ubunifu wangu niliutaka mapokezi, kwenye fremu. Ubunifu wenyewe ulikuwa wa Josefu, ambaye hakupewa hata keki, alikuwa juu ya paa.

Jambo baya zaidi lilitokea kanisani. Kikohozi cha Paulina kilianza kupungua. Hakikuisha, mapafu hayafuliki, lakini alirudi kuimba sauti ya pili. Jumuiya ikashangilia. Mwenyekiti alisimama akasema maombi ya Mzee Elinami yana nguvu. Watu wakaanza kunitafuta niwaombee: mwenye goti, mwenye ng'ombe asiyeshika mimba, binti aliyesubiri matokeo ya mtihani. Nilitolewa benchi la nyuma nikakalishwa la pili. Mtu ambaye hakuonekana miaka yote sasa alionekana, kwa kumponya mwanamke aliyemuumiza mwenyewe.

Nilikuwa nimeungama kwa mkaguzi, kwa meneja na kwa Mungu, ambao hakuna hata mmoja aliyekohoa.

Jumatano nilimkuta Paulina kwenye kamba akianua mashuka. Jua lilikuwa linaelekea kwenye msitu. Wenzake walikuwa wameshatangulia kwenye gari.

"Mama Paulina," nikasema, "ule moshi uliletwa na mimi. Fundi aliniambia nifue mchana tangu mwanzo, nikakataa. Nilimwambia meneja haiwezekani. Ndiyo maana kazi ililetwa kwako, na kuni, na kikohozi."

Hakusimama. Aliendelea kutoa vibanio na kuviweka kwenye mfuko wa aproni.

"Najua," akasema.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ile fundi Josefu aliponiletea masufuria niliyonunua. Yule kijana hana siri, alitueleza yote akiwa anakunywa chai. Kwani ulifikiri nimekohoa miaka miwili bila kujua moshi umetokea wapi?"

"Mbona hukusema?"

"Niseme ili iweje? Nilikuwa na watoto wawili sekondari, na kazi ndiyo hiyo." Akalikunjua shuka moja, akalikung'uta. "Halafu ulikuwa unaniombea vizuri sana, Mzee. Nilikuwa nakusikiliza nasema, ngoja nione atafika wapi. Leo atafika. Alhamisi ijayo atafika. Unataja mapafu, unataja shetani, unataja mpaka daktari. Wewe mwenyewe hujitaji."

Nilimwambia anisamehe.

"Nimekusamehe siku nyingi, nisingeweza kufua mashuka yenu na hasira, yasingetakata. Lakini kwenye jumuiya wameshakufanya nabii. Mimi siwezi kukaa pale nikisema amina kwa uongo, nimechoka. Kesho ni kwangu. Uombe. Na safari hii ujitaje."

Alhamisi tulijaa sebuleni kwa Paulina, wengine wamekaa kwenye mabeseni yaliyofunikwa. Mwenyekiti akanipa ombi la wagonjwa kama kawaida. Kila mtu alifumba macho. Nilianza kwa sauti ile ile, katikati nikaishusha. Nikasema, Bwana, mimi Elinami, dobi wa loji, mwana wa Ndeonansia wa Machame, nilikataa kufua mchana kwa kiburi, na moshi wangu umeingia katika kifua cha Paulina. Si adui aliyeuleta. Ni mimi. Na nilipomwombea sikukuambia.

Hakuna aliyeitikia. Mwenye goti aliguna. Nilisema amina peke yangu, nikafumbua macho, nikakuta watu wote wameshafumbua yao kabla yangu wananitazama, mwenyekiti, binti wa mtihani, mke wangu mwenyewe. Katika miaka yote niliyoishi Karatu sikuwahi kutazamwa na watu wengi namna ile. Paulina peke yake alikuwa bado amefumba, mikono magotini, akiendelea kuomba.